Viza ya kupewa uwanjani inaleta watalii kweli?

Umeuliza kama viza ya kupewa mgeni akishafika inaongeza watalii au ni maneno tu. Inaongeza, ndugu yangu, hasa wale wanaoamua safari ghafla. Mtu ana likizo ya siku tano na amepata tiketi ya bei nafuu. Akiambiwa apeleke pasipoti ubalozini mji mwingine, aambatanishe taarifa ya benki, kisha asubiri wiki mbili, anabadilisha nchi jioni hiyohiyo. Huyo hahesabiwi popote, maana hakuwahi hata kuomba.

Maldivi humpa mgeni wa karibu taifa lolote siku 30 bure akifika, mradi ana tiketi ya kurudi na mahali pa kulala. Rwanda nayo iliwafungulia raia wa nchi zote Januari 2018.

Ila viza peke yake haijazi hoteli. Ndege zikiwa chache na nauli iko juu, watu hawaji. Halafu kuna foleni, na hapa ndipo panaponiuma. Ndege tatu zimetua pamoja, madirisha mawili tu ya uhamiaji yako wazi, mashine ya kadi haifanyi kazi, na mama amesimama saa nzima, mtoto amemlalia begani, anatafuta noti za dola. Hilo ndilo atakalowasimulia wenzake akirudi. Kwa hiyo mimi naunga mkono watu waombe mtandaoni kabla ya safari, mradi jibu litoke ndani ya siku mbili tatu.