Plaizi yangu imo ndani ya kabati

Kwenye chumba cha watoto kuna kabati nililotengeneza mwenyewe, ukilisukuma kidogo utasikia kitu kinagonga kule chini, kong'. Ile ni plaizi yangu. Siku ile umeme ulikatika, nikapigilia plaiwudi ya mgongoni kwa tochi ya simu, asubuhi yake nimeitafuta plaizi nyumba nzima mpaka nikamsingizia shemeji yangu kwamba kaondoka nayo Morogoro. Sijamwomba radhi hadi leo maana itabidi nieleze ilikuwa wapi.

Mi si fundi wa kazi. Wiki nzima niko ofisini, jioni na Jumapili ndo najifungia kwenye kibanda changu cha nyuma hapa Tabata, natengeneza stuli, shelfu, meza ndogo, mbao nafuata Keko na vifaa nazungukia Gerezani. Na kwa miaka kama mitano hela nyingi haikuishia kwenye mbao, iliishia kununua kitu kilekile mara ya pili na ya tatu. Tepu ya kupimia nimenunua nne. Spana namba kumi ndo usiseme, na wenye gari za Kijapani mnanielewa, maana gari hizo ukitoa namba kumi, kumi na mbili na kumi na nne hujabakiza kazi nyingi, sasa ile kumi ndo inayotumika kila siku na ndo ndogo kuliko wenzake, ikidondoka kwenye majani imekwenda.

Nilikuwa naamini naibiwa. Siku nilipokaa nikahesabu nikakuta kilichoibwa kweli ni msumeno mmoja tu. Vingine vyote ama niliviazimisha nikasahau, ama niliviacha mwenyewe pale kazi ilipoishia, juu ya tenki, kwenye dari, chini ya boneti.

Kilichonisaidia kwanza ni sinia. Sinia kuukuu la pilau, mama watoto alishalitupa nikaliokota. Kabla sijaanza kazi navipanga humo vyote vya siku hiyo, na ninapofanya kazi kitu kinatoka kwenye sinia kinarudi kwenye sinia, hakiendi mfukoni wala hakiwekwi kwenye mbao ninayoifanyia kazi. Kabla sijafunga sehemu yoyote, iwe mgongo wa kabati au kifuniko cha chochote, natupa jicho kwenye sinia. Kama ningekuwa nalo mapema plaizi ingekuwa hai.

Cha pili ni ubao wa ukutani. Nilichukua nusu ya shiti ya plaiwudi, yaani futi nne kwa nne, ya milimita 12, nikaipaka rangi nyeupe iliyobaki ya sebuleni. Halafu usikimbilie kupiga misumari, hapo nilikosea mara ya kwanza. Laza ubao chini, panga vifaa juu yake, vihamishe hamishe mpaka viingie vizuri, acha nafasi ya mkono kuchomoa randa bila kugonga nyundo ya jirani yake, ndo uchore kila kimoja kwa markapeni kukizunguka. Ukishautundika, kisipokuwepo kitu unaona umbo lake tupu linakutazama. Mwanangu wa miaka sita ananiambia "baba patasi haipo" kabla mi mwenyewe sijaona. Na usiugandishe ubao ukutani moja kwa moja, weka vipande vya mbao nyuma uache upenyo, Dar hii na unyevu wake ukuta ukilowa msimu wa mvua vyuma vyote vinapiga kutu. Vumbi la mbao nalo linashika unyevu, kwa hiyo futa, pitisha kitambaa chenye oili kidogo kwenye patasi na msumeno, dakika mbili tu.

Skrubu na misumari sina maneno mengi, makopo ya Blue Band na dumu za mafuta za lita tano zilizokatwa ubavu zinatosha, ila gundishia skrubu moja kwa nje ili usifungue kumi ukitafuta ya inchi moja na nusu.

Sasa kuazimisha. Huku uswahilini ukishajulikana una drili umekwisha, na kumnyima jirani huwezi maana kesho we ndo utaenda kwake kuomba ngazi. Lakini kukopa harusi kulipa matanga, ukienda kudai grinda yako mwenyewe unaonekana una roho mbaya. Nilijaribu daftari, nikawa naandika jina la mtu mbele yake, watu wakanuna, mzee mmoja wa mtaani akaniuliza "kijana, umeniandika kama mdaiwa wa duka?" Nikaona haya kweli. Siku hizi daftari linaning'inia mlangoni na kalamu yake, anayechukua anajiandika mwenyewe, mi nasema tu "mzee wangu nisaidie kuandika hapo, kichwa changu kibovu." Hakuna aliyenuna tena, na ajabu mtu akijiandika kwa mkono wake anarudisha.

Halafu kuna vitu sivitoi kabisa: randa, patasi na msumeno mzuri. Patasi ukimpa mtu anakwenda kufungulia kopo la rangi, msumeno unarudi umekutana na msumari, na we ndo utakaa na jiwe na tupa Jumapili nzima unanoa. Nimenunua vya mtumba, nyundo, msumeno, bisibisi mbili, plaizi, nimevipaka mpini rangi ya kijani ya geti, hivyo ndo vya mtaa. Kijani inasaidia pia kwenye saiti ya mtu, kitu chako unakijua kwa mbali bila kubishana.

La mwisho nimelipia kwa hasira. Grinda yangu iliungua ikiwa ndani ya waranti, nikaenda dukani na risiti, karatasi imekuwa nyeupe tupu! Zile karatasi za mashine ya risiti ya EFD maandishi yake yanafifia, hasa ukiweka penye joto, na mi niliiweka kwenye dashibodi ya gari. Duka likagoma, na mi sikuwa na la kusema. Siku hizi nikilipa tu napiga picha risiti hapohapo kaunta pamoja na ile namba iliyo kwenye kifaa chenyewe, na kila mwisho wa mwezi napiga picha ubao wote.

Kabati tumeshalihamisha vyumba viwili. Shemeji alikuja Idi akasaidia kulibeba, likagonga kong', akaniuliza kuna nini humo. Nikamwambia ni mbao imelegea.