Maswali yenu: gesi iliyo jirani na nyota iliyolipuka

Makala yetu kuhusu RX J1713.7-3946, masalia ya supanova (mlipuko wa nyota) yanayotoa miale ya gama, yaani nuru yenye nguvu kubwa kuliko zote, katika kundinyota la Nge, imeleta maswali mengi. Tuyajibu haya manne.

Miale inatoka kwenye masalia. Gesi ya jirani inahusikaje? (Msomaji, Morogoro)

Bila gesi hatujui miale inatokana na nini. Protoni iliyoongezwa kasi na wimbi la mlipuko ikigonga kiini cha haidrojeni, huzaliwa chembe iitwayo pioni, nayo huvunjika papo hapo ikawa miale miwili ya gama. Lakini elektroni nayo inaweza kuipandisha nuru hafifu hadi nguvu ya gama, wala haihitaji gesi. Kama ni protoni, basi palipo na gesi nyingi ndipo pang'ae zaidi.

Gesi haionekani. Wanaipimaje? (Msomaji, Kisumu)

Swali zuri sana hili. Molekuli za haidrojeni kwenye baridi ya nyuzi 260 hivi chini ya sifuri hazitoi mawimbi ya kunasa. Hivyo hutafutwa kaboni monoksidi iliyochanganyika nazo, yenye wimbi la redio la milimita 2.6. Mwaka 2003 timu ya Yasuo Fukui wa Chuo Kikuu cha Nagoya, ikitumia darubini ya NANTEN iliyoko Chile, ilionyesha mawingu yanayogusana na masalia haya. Urefu wa wimbi hubadilika kidogo kulingana na mwendo wa wingu, na mawingu haya yanakuja upande wetu kwa kilomita 10 hivi kwa sekunde. Ndivyo walivyoyatenganisha na mengine yaliyo mbele au nyuma.

Hata hivyo, kusini-mashariki miale ilikuwepo na kaboni monoksidi haikuonekana. Mwaka 2012 waliongeza hesabu ya atomi za haidrojeni, zinazopimwa kwa wimbi la sentimita 21. Pale pembeni zilikuwa baridi na nzito kiasi kwamba zilionekana kama kivuli. Zilipojumlishwa, ramani ya gesi ikashabihiana na ya gama. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote kuhusu masalia haya.

Afrika ina mchango wowote? (Msomaji, Tanga)

Mkubwa. Darubini za H.E.S.S. zilizoko Namibia ndizo zilizotoa, mwaka 2004, picha ya kwanza iliyoonyesha umbo la masalia ya supanova kwa miale ya gama yenye nguvu kubwa mno.

Kwa hiyo ni protoni au elektroni? (Msomaji, Bukoba)

Zote mbili. Wigo wa miale, yaani mgawanyo wake kulingana na nguvu, uliopimwa na setilaiti ya Fermi unafanana zaidi na wa elektroni, na wengi waliishia hapo. Lakini protoni zenye nguvu ndogo hushindwa kupenya kwenye mabonge mazito ya gesi, na hilo hubadilisha wigo ukafanana na wa elektroni. Mwaka 2021 timu ya Fukui ilikadiria kuwa asilimia 67 ya miale inatokana na protoni, na 33 na elektroni.