Usiache Kazi kwa Sababu ya Wimbo Mmoja

Wiki iliyopita kijana mmoja alinifuata karakana kwetu Gerezani, Dar es Salaam, ninapochomelea mageti, akaniambia ameshaandika barua ya kuacha kazi. Wimbo wake umepigwa redioni mara mbili na kuna mtu anataka kumsainisha. Nilizima mashine, nikamvutia kigoda, nikamsimulia habari za mwimbaji Bill Withers.

Withers alizaliwa mwaka 1938 Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, Marekani. Alikuwa na kigugumizi kilichomwandama mpaka akafika miaka 28. Alitumikia jeshi la majini miaka tisa, kisha mwaka 1967 akahamia Los Angeles na kupata kibarua kiwandani, kutengeneza vyoo vya ndege. Nyimbo za majaribio alizirekodi kwa mshahara huohuo. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1971, na hata hapo hakuharakisha kuacha kazi, maana aliona biashara ya muziki haiaminiki. Litazame jalada lake: amesimama kiwandani, kisanduku cha chakula cha mchana mkononi.

Mimi niliacha. Nilikuwa na miaka 24, bendi yetu ina wimbo mmoja unaopendwa mtaani, nikajiona nimefika. Miezi mitano baadaye nadaiwa kodi ya chumba, na prodyuza mmoja akanitolea karatasi tatu nisaini juu ya boneti ya gari lake. Sikusoma. Njaa ndiyo iliyosaini. Wimbo ule mpaka leo si wangu, na nikiusikia kwenye daladala huwa natamani kushuka.

Ndiyo maana nasema mshahara si adui wa kipaji chako. Mshahara ndio unaokuwezesha kusema, "Ngoja nikaisome nyumbani."

Na usidhani mtu mzima aliyetoka kiwandani anaingia studio akiwa amechelewa. Withers aliingia na masikio. Katika wimbo wake "Ain't No Sunshine" kuna mahali anarudia maneno "I know" mara 26. Alikusudia kuandika mashairi mengine pale, lakini wanamuziki waliokuwa naye, akiwamo prodyuza wake Booker T. Jones, walimwambia aache vilevile. Akawasikiliza. Wimbo ukampa tuzo ya Grammy. Mimi katika umri ule wa miaka 24 ningebishana nao mpaka asubuhi.

Kama hujawahi, tafuta video ya tamasha la Kinshasa la mwaka 1974, lile lililoandaliwa pamoja na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Amekaa na gitaa lake, anaimba taratibu, na uwanja mzima unatulia. Nimeirudia mara nyingi usiku, nikitafuta anapata wapi utulivu ule.

Hata yeye hakusalimika kabisa. Aligombana na kampuni yake ya kwanza ya kurekodi. Alipohamia kampuni ya Columbia akakuta watu wa kumwambia aimbe nini, na baada ya albamu ya mwaka 1985 akaachana na kurekodi. Lakini nyimbo alizitunga mwenyewe, na mkewe Marcia akawa anasimamia haki zake. Aliishi hivyo, pasipo kuhangaikia jukwaa, mpaka alipofariki mwaka 2020. Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujamtumia mtu yeyote wimbo wako, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukausajili. Andikeni pia nani katunga maneno na nani kapiga nini, siku ileile ya kurekodi, kabla hamjaanza kupendwa.

Kijana aliniuliza, "Sasa kaka, kazi niiache lini?" Nikamwambia alete kwanza huo mkataba. Alikuwa nao kwenye begi, umekunjwa mara nne. Tuliusoma pale pale, kifungu kwa kifungu, tukafika kilichosema nyimbo zote atakazotunga kwa miaka kumi ni mali ya studio. Akaomba kalamu, akakizungushia duara. Barua ya kuacha kazi aliirudisha mfukoni.