Luang Prabang kwa miguu, na mama mwenye goti bovu

Ndugu, umesema mna siku mbili Luang Prabang, mji wa kaskazini mwa Laos, hutaki pikipiki, na goti la mama linamsumbua. Inawezekana kabisa. Mji wa kale umekaa kwenye ulimi wa ardhi kati ya mto Mekong na Nam Khan, ni tambarare, na ukishika kando ya mto hupotei.

Tokeni alfajiri. Watawa wa Kibuddha wakipita kupokea sadaka ya chakula, simameni ng'ambo ya barabara, msiwapige picha kwa flashi. Kisha tembeeni polepole hadi Wat Xieng Thong, hekalu la karne ya 16 karibu na makutano ya mito. Mabega na magoti yafunikwe. Saa sita mchana rudini hotelini; jua la huko si la kubishana nalo.

Mlima Phousi una ngazi zaidi ya 300. Panda peke yako, mama akusubiri chini na juisi yake.

Machi na Aprili moshi wa mashamba huwa mzito, kwa hiyo mwenye pumu achague Novemba au Desemba. Goti likiwa linavimba, amwone daktari kabla ya safari, na bima igharamie kuhamishiwa hospitali ya Thailand ikibidi.