Barua kwa mwanangu: ile nafasi ya miaka saba

Mwanangu,

Nimekaa na swali lako siku nne. Uliniuliza kwa simu nikiwa nimeshavaa sare, nakaribia kuingia zamu ya usiku: "Mama, ungekuwa wewe, ungeichukua ile nafasi ya udaktari ya miaka saba?" Nikasema tutaongea. Kusema kweli jibu lilikuwa limeshafika mdomoni, nikalimeza. Lilikuwa jibu la muuguzi aliyeshinda wodini miaka ishirini akiota mwanawe anapita pale amevaa koti jeupe. Barua ile ilipofika, shangazi zako walipata habari kabla wewe hujamaliza kuisoma. Unisamehe kwa hilo. Sasa unaamua huku masikioni umejaziwa vigelegele ambavyo hukuviomba.

Tuanze upya, kama vile hakuna shangazi. Una barua mbili. Moja ni ya programu inayounganisha shahada ya kwanza na udaktari: miaka mitatu ya chuo, minne ya chuo cha udaktari, na kiti chako cha huko kimeshawekwa. Nyingine ni ya chuo cha kawaida cha miaka minne, ufadhili unalipa karibu ada yote, ila hakuna anayekuahidi udaktari. Wanataka jibu kabla ya tarehe 1 Mei.

Unaniambia utaokoa mwaka. Ni kweli, mmoja. Huku Marekani njia ya kawaida ni minne na minne, halafu yanakuja mafunzo ya ubingwa: mitatu kwa magonjwa ya ndani au ya watoto, mitano kwa upasuaji wa jumla, saba kwa upasuaji wa ubongo. Ukichagua huo wa mwisho utamaliza kwa miaka 14 badala ya 15. Ingekuwa ni suala la mwaka huo tu, ningekuambia urushe shilingi juu, tukalale. (Bibi yako hapa angeleta methali yake ya haraka na baraka. Nimeizuia.)

Wanachokuuzia hasa ni usingizi. Wenzako wa njia ya kawaida watafanya MCAT, mtihani wa kuombea chuo cha udaktari, saa saba na nusu ukihesabu na mapumziko, alama kuanzia 472 hadi 528. Wataandika insha, watafanya usaili mmoja baada ya mwingine, na mwisho wa yote zaidi ya nusu ya waombaji wa mwaka huo hawapati pa kuanzia. Wewe ungekuwa umeshavuka mto huo ukiwa na miaka 18. Kwa mtoto ambaye mtihani unamtoa jasho usiku kucha, hiyo ni bidhaa ya thamani, wala nisingembishia mzazi wake. Lakini wewe nimekuona ukienda kwenye mitihani kama anayekwenda dukani. Sioni kwa nini ulipie dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Maana malipo yapo. Nimeisoma barua yao mara tatu, na sehemu ya masharti ndiyo nzito. Wastani wa alama usishuke chini ya 3.5 kati ya 4. Ukiomba chuo kingine cha udaktari, kiti kinapotea. Halafu kuna sentensi fupi ambayo nadhani uliiruka: shahada ya kwanza inatolewa baada ya kumaliza mwaka wa kwanza wa udaktari. Fikiria maana yake. Ukifika mwisho wa mwaka wa tatu ukagundua kwamba moyo hauko huko, unatoka mikono mitupu, na inabidi utafute pa kumalizia shahada, bila ule ufadhili ulioukataa. Mlango wa kutokea upo, lakini wameuweka mahali ambapo mtu aliyechoka hauoni.

Si programu zote zilizo hivyo. Ya Chuo Kikuu cha Brown ni ya miaka minane kamili, na mwanafunzi anaweza kusoma falsafa au muziki kabla ya udaktari. Ya Missouri huko Kansas City imekuwa ya miaka sita tangu 1971, na huko wanafunzi hukutana na wagonjwa mapema sana. Yako ndiyo ile inayokata mwaka wa nne wa chuo na kuzijaza likizo za kiangazi. Niliangalia ratiba nikitafuta pa kuingiza lugha ya alama uliyojifunza miaka miwili na hukutaka kuiacha. Nafasi za masomo ya hiari ni mbili. Mbili, kwa miaka mitatu.

Kuna daktari kijana kazini kwetu aliyepita njia ya miaka sita. Nilimuuliza kwa ajili yako, usiku mmoja wodi ilipotulia. Hajutii, alisema, na ni daktari mzuri, nakuthibitishia. Ila alinisimulia siku ya kwanza kumweleza mzee mmoja kwamba mke wake amefariki. Yeye ana miaka 24. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akachungulia nyuma ya bega lake akimtafuta daktari mwenyewe. Nikamuuliza angefanya nini na miaka miwili zaidi. Alicheka: "Ningefanya kazi ya kijinga mahali fulani." Tangu siku hiyo nalifikiria jibu hilo kuliko vipeperushi vyao vyote.

Fedha nazo zimebadilika, usizihesabu kwa bei za kaka za rafiki zako. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopo wa serikali kuu uliokuwa unafidia gharama zote za udaktari umefungwa kwa wakopaji wapya. Kilichobaki kina kikomo: dola 50,000 kwa mwaka, 200,000 kwa jumla. Chuo cha udaktari ulichoahidiwa kinazidi hapo kila mwaka ukijumlisha chakula na pango. Pengo hilo ni la benki, na benki itataka mdhamini, yaani mimi. Nitasaini ikibidi. Lakini ukifunga ndoa na chuo kimoja leo, umefunga ndoa na bei yake. Chuo cha udaktari cha Albert Einstein kule Bronx, New York, walifuta ada mwaka 2024 baada ya kupewa zawadi ya dola bilioni moja. Si kwamba utaingia huko, ila mwenye kiti kilichofungwa haruhusiwi hata kubisha hodi.

Na ukitaka haraka, haraka haiishi leo. Vipo vyuo vinavyopokea maombi mwanafunzi akiwa mwaka wa pili. Chuo cha udaktari cha Mount Sinai kilianza hivyo mwaka 1987 kwa kuwatafuta wanafunzi wa fasihi na jamii, bila kuwadai MCAT. Mwaka 2010 walipochapisha matokeo, vijana hao walikuwa wanakwenda sawa na wenzao wa sayansi. New York University nao tangu 2013 wana udaktari wa miaka mitatu. Huo mwaka unaoulilia unaweza kuuokoa ukiwa na miaka 22, ukijua unachokimbilia.

Umeshaona ninakoegemea. Ningechukua ile ya miaka minne. Kitu kimoja kingenigeuza: kama wangeruhusu kwa maandishi uombe kwingine huku kiti chako kikikungoja. Zipo programu zinazoruhusu. Waandikie kesho, uulize hilo, uulize pia ni wangapi kati ya walioanza miaka saba iliyopita wamemaliza pamoja, na waliotoka njiani walitoka na nini mkononi. Wakikujibu kwa maneno matamu yasiyo na tarakimu, nitumie jibu lenyewe nilisome.

Na kama baada ya yote hayo bado unaitaka, ichukue, nami nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Shangazi zako niachie mimi. Alhamisi sina zamu, piga wakati wowote.

Mama