Usianze na funzo, anza na pipa

Mwalimu, karibu Kisumu. Umepewa Gredi ya Saba na kipindi cha usomaji Ijumaa alasiri, na kabatini utakuta nakala sita za Treasure Island, mbili hazina majalada. Nikueleze nilivyoiharibu mwaka wangu wa kwanza, wewe usirudie.

Niliingia darasani nikaandika ubaoni, "Maadili katika riwaya", nikayapanga matano: tamaa, uaminifu, ujasiri na mengine hata siyakumbuki. Watoto walinakili kwa hati nzuri ajabu, wakafunga madaftari. Riwaya ya Robert Louis Stevenson ya 1883, yenye maharamia, ramani na kisiwa, nilikuwa nimeizika kabla ya ukurasa wa kwanza. Nani atasoma sura 34 akitafuta jibu alilokwisha pewa?

Siku hizi nabeba pipa. Lile la plastiki la buluu la kutekea maji, naliazima jikoni. Kitabuni, kijana Jim Hawkins anaingia ndani ya pipa la matufaha melini kutafuta tunda, usingizi unaanza kumchukua, mara anamsikia Long John Silver, mpishi wa mguu mmoja, akizungumzia uasi. Walimu wengi hukimbilia uasi. Wewe tulia kwanza. Kabla ya kufika huko, Silver anambembeleza baharia mmoja kijana: wewe ni mdogo ila una akili, nitaongea nawe kama mwanamume. Ni sifa zilezile alizokuwa amempa Jim. Kinachomchoma Jim kwanza ni hicho.

Mvulana niliyemwingiza pipani alitoa kichwa nje akauliza, "Kumbe hakuwa ananipenda?" Hakusema "hakuwa anampenda Jim". Darasa zima lilinyamaza. Sikumjibu, na nakuomba nawe ukiulizwa usijibu.

Silver anapendeza, na hapo ndipo kazi yako ilipo. Ukimfanya shetani tangu mwanzo, hakuna kitu cha kujadili. Watoto hawa wanamjua tayari: ni yule jamaa wa stendi anayemwita kila mtu kwa jina, anakubebea mzigo huku akicheka, kisha ukifika unagundua umelipa nauli mara mbili.

Sehemu nyingine ya kukaa nayo ni ile ya mamake Jim. Mgeni aliyekuwa akilala katika hoteli yao amekufa bila kulipa, sandukuni mwake mna mfuko wa sarafu za nchi nyingi, na maharamia wako njiani. Mama anapiga magoti kuhesabu deni lake tu, hataki hata senti ya ziada. Wavulana wangu walimwona mjinga: pesa ya mwizi haina mwenyewe, beba mfuko wote ukimbie! Msichana mmoja ambaye mamake anauza samaki wa kukaanga alisimama. "Kwetu kuna daftari la madeni. Mtu akifa, mama anaenda matangani na daftari, anaonyesha mstari wake. Hagusi mwingine." Ubishi ulivuka kengele. Ukibahatika kuupata, usiukatize ati silabasi inakungoja.

Kuna mahali watachoka. Sura ya 16 hadi ya 18 msimulizi anabadilika, ni daktari aliyesafiri na Jim anayesimulia badala yake. Waambie mapema, la sivyo watadhani kurasa zimepotea (katika nakala zako mbili, pengine kweli zimepotea). Msamiati wa tanga na nanga usiutafsiri neno kwa neno. Watembeze ufuoni Dunga asubuhi moja, wavuvi watawaonyesha bure.

Kisha kuna sura ya 30. Jim ni mateka, amempa Silver neno lake kwamba hatatoroka. Daktari yuko ng'ambo ya uzio wa miti, anamwambia ruka twende. Jim anakataa, ameshatoa neno. Uliza swali moja tu: ahadi uliyompa muuaji ni ahadi? Mimi mwenyewe nimebadilisha jibu langu mara mbili.

Mwishoni Silver anatoroka na mfuko wa sarafu, haadhibiwi. Watakasirika, watataka umkamate wewe. Waache waandike kinachompata. Insha bora nilizowahi kusahihisha zilitoka hapo, ingawa moja ilimfungulia Silver hoteli sokoni Kibuye, na biashara ikamwendea vizuri.

Pipa lirudishe kabla ya saa kumi. Mpishi ni mkali.