Mkanda wa gari ni wa karao (polisi) ama ni wangu?

Wiki hii mmeuliza kama sheria za barabarani zimesaidia abiria wa Nairobi ama ni za kujaza faili tu. Mimi nasema zilisaidia, zikaacha kusaidia siku abiria tulinyamaza.

Nakumbuka Februari 2004 sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zikianza, matatu nyingi hazikuwa tayari zikalala, watu wakapiga mguu, mimi nilitoka Kawangware mpaka tao viatu viko mkononi nikitukana serikali njia yote. Lakini baadaye ilikuwa raha bana. Matatu ya Nissan ya watu 18, na bado wengine walikuwa wanawekewa kibao katikati ya viti, sasa ikabeba 14, kila mtu na kiti chake na mkanda wake, laini ya njano ubavuni, dere na makanga (kondakta) na yunifomu na beji. Uzuri ni kwamba hayo yote ulikuwa unayaona kwa macho (spidi gavana, ile ya kuzuia gari kupita kilomita 80 kwa saa, ndio hukuwa unaiona, na ndiyo ya kwanza madere walianza kuichezea). Shosho yangu hakuwahi kuingia darasani lakini alikuwa anahesabu vichwa kabla hajakaa, akifika 15 anashuka na anataka pesa yake.

Sasa juzi jioni, mvua inanyesha, tumejaa, makanga akaingiza watatu zaidi, "sogeeni kidogo wazazi, hawa ni wa hapa tu." Hakuna mtu alisema kitu, hata mimi, nilikuwa nataka kufika nyumbani. Nikajaribu mkanda, klipi haishiki, na uchafu ulio pale ukiufunga shati imeenda. Eti kuna faini ya 500 abiria akipatikana hajafunga, na 500 ingine kama mkanda wa PSV, yaani gari la abiria, si msafi na mkavu! Mkavu, na dirisha inavuja.

Kufika karibu na Hurlingham makanga akapiga kelele, "Fungeni mikanda, karao wako mbele!" Basi sote tukavuta mikanda tukaishikilia tumboni na mkono, mama mmoja alikuwa amelala fofofo akaamka akashika wake bila kuuliza, tukapita, tukaachilia, akarudi kulala. Gari nzima ni maigizo. Hapo utalaumu NTSA, wale wa serikali wa usalama barabarani, peke yake? Novemba 2018 serikali ilirudisha msako wa hizo hizo sheria za Michuki, tukatembea tena, kukanyooka kidogo halafu excess, kubeba watu kupita viti, ikarudi, kwa sababu karao akitoka barabarani anayebaki ndani ya gari ni mimi na wewe.

Za boda siongei leo, ile helmeti moja imeonja jasho ya kila mtu hapa mtaani, ni stori ingine.

Kesho nitahesabu kama shosho. Mkisikia kuna mzee ameteremshwa Valley Road asubuhi juu ya mdomo, ni mimi, na nitakuwa nimerudishiwa pesa yangu.